Mkwe wa Sauti ya Nne

Kwaya ya wazee ya kanisa letu, huku karibu na Kebirigo, ilikuwa na wanawake kumi na mmoja, mwanaume mmoja, na meno ambayo ukiyajumlisha yote hayangetosha kumaliza hindi moja la kuchoma. Mimi ndiye niliyeiongoza. Sikuchaguliwa kwa ajili ya sauti. Nilichaguliwa kwa sababu nilisoma mpaka darasa la tatu, na mwalimu aliyetufundisha alipenda do-re-mi kuliko hesabu. Mpaka leo siwezi kugawanya ishirini na saba kwa nne, lakini niandikie so-mi-do kwenye mchanga na nitakuimbia.

Hakuna mahali pengine watu waliwahi kuniambia, "Nyanchera, simama mbele." Nyumbani niliambiwa songa, shambani niliambiwa inama. Ni kwaya tu iliyonisimamisha. Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini nilihangaika vile mwaka wa 1973, jibu ni hilo, asitafute lingine.

Mazoezi yalikuwa Jumatano alasiri, tukishapeleka majani ya chai kupimwa. Wanawake walikuja moja kwa moja na vikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu, wakakaa kwenye benchi na kuvua viatu, wale waliokuwa na viatu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwaamsha. Ya pili ilikuwa kumnyamazisha mama mkwe wangu, Orpah, mama wa mume wangu. Orpah aliimba sauti ya kwanza, na ya pili, na nyingine ambayo haijaandikwa kitabuni. Alikuwa na miaka themanini hivi, sikio moja limekufa, na fimbo ya kutembelea ambayo aliitumia zaidi kwa mambo mengine. Wakati wa maombi hakufumba macho hata siku moja. Nilipomuuliza alisema, "Mungu ananijua tangu kabla ya wazungu. Nikifumba macho, nani ataangalia kikapu changu?"

Mwanaume wetu mmoja alikuwa Onchiri, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa sauti ya nne yote. Alikuwa fundi wa kuchonga mawe, kwao Tabaka, miaka arobaini na kitu, mke wake alikuwa amefariki. Alikuwa akija huku kwetu kuuza vibakuli na twiga wadogo wa mawe, vumbi jeupe kwenye nyusi kama mtu aliyelala kwenye unga. Sauti yake ilitoka chini kabisa, kama gogo linaloburutwa juu ya daraja la mbao. Akianza kuimba, kuku waliokuwa nje ya kanisa waliacha kudonoa wakasimama kwa mguu mmoja.

Alikuwa amezaliwa Mkatoliki. Mwezi wa pili alikuja akaomba kubatizwa kwetu, akazamishwa mtoni akatoka akitetemeka. Wazee wa kanisa walisema ni kazi ya Roho. Orpah alisema ni kazi ya Bochaberi.

Bochaberi ni binti yangu wa kwanza. Aliolewa Nyaramba akiwa mdogo, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani akakaa nami mpaka akafika miaka thelathini. Ndiye aliyetuletea birika la chai siku za mazoezi. Mimi sikuona kitu, nilikuwa natazama karatasi ya wimbo. Lakini fundi wa mawe akinywa vikombe vinne kila Jumatano, hiyo si kiu. Mwezi wa tano wazee wa Onchiri wakaja kwetu, wakaketi, wakasema walichokuja kusema. Ng'ombe wakafuata.

Sasa sikilizeni shida yangu. Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Mmoja akimwona mwenzake njiani, anaingia katikati ya michai mpaka apite. Ni heshima, tunaiita ensoni, na ni kali kuliko amri kumi, kwa sababu amri kumi zina msamaha.

Na kiongozi wa kwaya kazi yake ni nini? Ni kumtazama mtu usoni, kumnyooshea kidole, kupanua mdomo ili naye apanue, na kuyumbisha kiuno ili asipoteze mwendo. Kila jambo ambalo mama mkwe hafanyi mbele ya mkwe wake, mimi nilikuwa nalifanya kila Jumatano, na siku ya Sabato mara mbili.

Na wimbo wetu wa makambi ya Agosti, ile mikutano mikubwa ya kanisa uwanjani, ulianzwa na yeye. Onchiri aliuliza peke yake, "Nani atavuka?" nasi tukamjibu, "Sisi hapa, sisi hapa." Asipouliza, sisi tutamjibu nani?

Nikamwendea Bochaberi jikoni.

"Makambi ni Agosti," nikamwambia. "Hamwezi kungoja mpaka Septemba?"

"Tungoje nini, mama?"

"Tuimbe kwanza."

Aligeuza ugali mara mbili kabla ya kunijibu. "Mimi nimengoja miaka tisa. Sauti ya nne nayo ingoje kidogo."

"Haiwezi. Ndiyo inayoanza."

"Basi tafuta mwanaume mwingine wa kuimba."

"Nimtoe wapi? Wanaume wa hapa wote wana sauti za mbuzi."

"Ndiyo maana sikuolewa hapa," akasema, akaepua sufuria.

Jumatano iliyofuata Onchiri alikuja akasimama mstari wa nyuma, kofia imeshuka mpaka puani. Mimi nikachagua msumari mmoja ukutani nikautazama huo. Nikainua mkono. Onchiri alikuwa anatazama juu, ambako nyigu alikuwa anajenga nyumba yake. Nikashusha mkono. Kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Onchiri anamtazama nyigu. Nyigu naye hakujua wakati wa kuingia.

Tukajaribu njia nyingine. Niligeuka nikawapa kwaya mgongo, nikapunga mikono nikitazama mlangoni. Nilifikiri nimekuwa na akili. Nyuma yangu nikasikia Orpah.

"Nyanchera, umemnyima mkwe uso ukampa makalio. Sasa hiyo ensoni umeiweka wapi?"

Wanawake walicheka mpaka Abigael, ambaye kibofu chake hakikuwa na subira, akatoka nje mbio. Onchiri naye akatoka kwa mlango mwingine. Hakurudi siku hiyo.

Njia ya tatu ilikuwa dirisha. Tulimsimamisha nje, chini ya dirisha la nyuma, aimbe akiwa huko. Hatuonani, sauti inaingia. Na kwa kweli ilikwenda vizuri kwa nusu saa, kisha mvua ikaja, ile mvua ya kwetu ya saa tisa ambayo haibishi hodi. Onchiri hakuondoka. Nitasema hilo kwa heshima yake. Aliendelea kuuliza nani atavuka huku maji yanapita kwenye kola.

Wakati huo ndipo alipofika Jethro, mzee wa kanisa, na mwavuli wake. Pamoja naye alikuwa Mwalimu Ratemo wa kwaya ya vijana, mtu wa tai, aliyekuwa na kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti, amekifunga shingoni kama refa.

"Huyu aliye nje ni nani?" akauliza Jethro.

"Ni sauti ya nne," nikasema.

"Anafanya nini kwenye mvua?"

"Anaimba."

"Mbona asiimbie ndani?"

"Kwa sababu mimi niko ndani, mzee."

Jethro alifunga mwavuli polepole. Alikuwa mtu wa kukasirika kwa utaratibu. "Mama Bochaberi. Mwaka jana mliimba wimbo mmoja, kila mtu akaumaliza saa yake. Huyu mama yenu akaongeza ubeti peke yake watu wakiwa wameshaketi."

"Ulikuwa ubeti mzuri," akasema Orpah.

"Mwaka huu tuna pasta mgeni kutoka mbali. Mkituaibisha tena, kwaya hii inachukuliwa na Mwalimu Ratemo, siku hiyo hiyo."

Ratemo alituangalia mmoja mmoja kama anayechagua viazi. "Nitawapanga upya," akasema. "Wale wasiosikia sauti watapumzika."

"Watapumzika wapi?" nikauliza.

"Nyumbani, mama."

Orpah hakusikia, ilikuwa upande wa sikio lile bovu. Mimi nilisikia. Nikaona nyumba yetu siku ya Jumatano, Orpah ameketi mlangoni na fimbo yake, hana wa kumsumbua isipokuwa mimi. Nikaona na mimi nimeinama shambani mpaka nife, hakuna mtu wa kuniambia nisimame.

"Na mvae vitambaa vya kichwa vinavyofanana," Jethro akaongeza akiwa mlangoni. "Vya kung'aa. Si hivi vya jikoni."

Nikashuka Kebirigo kwenye duka la Urmila, aliyeuza vitambaa na mumewe Pankaj. Nilimwambia nataka cheupe cha kung'aa. Urmila alikishusha, akakipitisha kwenye kiganja chake.

"Hii nateleza, mama. Kichwani hapana kaa. Chukua pamba."

"Mzee wa kanisa anataka kinachong'aa."

"Mzee tavaa yeye?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akakata kumi na viwili, pamoja na changu. Alisema kweli. Kitambaa kile kilikaa kichwani kama samaki.

Jibu la shida yangu lilitoka kwa Orpah, jioni moja tukichambua maharagwe.

"Wewe ndiye mama mkwe wake," akasema. "Mimi siye."

"Wewe ni nyanya wa mke wake."

"Ndiyo. Mimi ni magokoro. Mimi ni mke mwenzake Bochaberi."

Hapo nikaacha maharagwe. Alikuwa na haki. Ensoni inamshika mzazi na mtoto, haimshiki nyanya na mjukuu. Nyanya anamwita mume wa mjukuu wake "mume wangu", anamtania, anamkagua miguu, anamuuliza mambo ambayo mimi nikiyasikia natoka nje, na hakuna anayemlaumu.

"Niweke karibu naye nyuma," akasema. "Wewe nipe ishara, mimi nitamdunga."

"Kumdunga na nini?"

Akainua fimbo.

Tukapatana ishara. Nikigusa kitambaa changu juu ya sikio, Orpah atamdunga Onchiri mbavuni, na Onchiri ataanza. Mimi nitamtazama Orpah, Onchiri atatazama viatu vyake, heshima itakaa mahali pake.

Ilifanya kazi siku ya kwanza. Nikagusa kitambaa, fimbo ikaenda, na Onchiri akatoa "Nani atavuka?" iliyonyooka kama uzi. Orpah alifurahi mpaka ikawa vigumu kumzuia. "Mume wangu, umelala?" dunga. "Mume wangu, huyo mtoto Bochaberi ananizidi nini?" dunga. Baada ya wiki sita yule mwanaume alikuwa amezoea kiasi kwamba mwili wake haukungoja kichwa. Siku moja sokoni mama mwenye mkungu wa ndizi alimgusa mbavuni akipita, na Onchiri akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya wauza nyanya, nani atavuka. Mwuza nyanya mmoja akamwambia avuke yeye kwanza.

Agosti ikafika. Makambi yalikuwa uwanjani chini ya mikaratusi, turubai limefungwa kwa ajili ya wageni, watu wameketi kwenye nyasi mpaka kando ya barabara. Bochaberi aliketi mbele na wifi zake wa Tabaka. Ratemo alikuwa amevaa tai mpya, kifilimbi shingoni. Jethro aliketi kwenye benchi la wazee akitutazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke yamwagike.

Tukaitwa. Tukajipanga mbele, wanawake mistari miwili, Onchiri nyuma, Orpah ubavuni mwake. Nikasimama nimewaelekea. Kitambaa changu nilikuwa nimekifunga mara tatu. Nikainua mkono.

"Kabla hawajaimba," akasema pasta mgeni, akisimama, "tuombe."

Nikashusha mkono. Uwanja wote ukainamisha vichwa na kufumba macho.

Yule pasta alikuwa mwombaji. Aliombea serikali. Aliombea mvua, kisha akaomba isizidi. Aliombea wagonjwa, akianza na homa akienda mpaka mifupa. Alipofika kwa wamishonari wa visiwa vya mbali, nikahisi kitambaa kinaanza safari. Kilipita kwenye paji. Kikafika kwenye jicho. Nilivumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, nimezaa watoto tisa. Lakini kilipofika puani, mkono wangu ulikwenda wenyewe ukakishika juu ya sikio.

Nikafumbua jicho moja, bahati mbaya. Nikamwona Orpah. Macho yake mawili yalikuwa wazi kama milango ya duka, yanatazama mkono wangu. Fimbo ilikuwa inainuka.

Nikatikisa kichwa kumkataza. Kutikisa kichwa kukakiangusha kitambaa zaidi, nikakishika tena. Kwa Orpah hiyo ikawa ishara mara mbili, naye akadunga mara mbili.

"Na siku ile ya mwisho, ee Baba," pasta alikuwa anasema, "tukifika kwenye mto ule mkubwa, tunakuuliza—"

"Nani atavuka?" akauliza Onchiri.

Nilitamani ardhi ya Nyamira inimeze na vikapu vyetu vyote. Lakini wale wanawake walikuwa wamefumba macho, hawakujua kama ni maombi au ni wimbo, walijua tu kwamba wameulizwa. Wakajibu. "Sisi hapa, sisi hapa." Na Onchiri, ambaye akishaanza hajui kuacha, akauliza tena.

Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho. Wote walikuwa wamefumba macho, hakuna wa kusema nimevunja heshima, basi nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Ana kovu dogo kidevuni. Sikuwa najua. Na kwenye nyusi lile vumbi la Tabaka, hata siku hiyo, hata baada ya kuoga kwa ajili ya Bwana.

Nikainua mkono nimwongoze. Kisha nikajiuliza, ninamwongoza nani? Hakuna anayeniona. Na wimbo unakwenda. Abigael anaingia mahali pake, Nyangate wa sauti ya pili anashuka pale ambapo kwa miaka minne amekataa kushuka, mwendo umetulia kama watu wanaochuma chai mstari mmoja. Hapo nikaelewa jambo lililoniuma kidogo: hawa watu hawakuwahi kunifuata. Macho yao yakiwa kwangu walikuwa wanatazama nguo yangu, na viatu vyangu, na nani anapita mlangoni. Sasa hawakuwa na kitu cha kutazama, wakasikilizana.

Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa haina kazi, niliitumia kufunga kitambaa. Nilikifungua chote, nikakizungusha upya, nikakaza fundo kwa meno mawili niliyobaki nayo upande huo. Wimbo ulikuwa ubeti wa tatu. Nikageuka kidogo kuangalia uwanja. Vichwa, vichwa, vichwa, vyote vimeinama. Isipokuwa kimoja.

Jethro alikuwa amekodoa macho kama bundi, ananitazama nikiwa na ncha ya kitambaa mdomoni.

Tukatazamana. Mimi nikafumba yangu kwanza.

Wakamaliza wote pamoja, hata Orpah, ambaye hakuongeza kitu. Kisha pasta akasema, "Amina," na uwanja ukasema amina mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakajibu.

Baada ya chakula tuliitwa chini ya turubai, mimi na Orpah. Onchiri alibaki nje upande wa pili, akijua mahali pake. Pasta mgeni alikuwa na Jethro na Ratemo.

"Nimezunguka makambi mengi," pasta akasema. "Sijaona kwaya inayodaka maombi kabla hayajaanguka chini. Kiongozi wao ni nani?"

"Ni huyu mama," akasema Jethro. "Lakini—"

"Lakini nini?"

"Ukweli lazima usemwe, pasta. Hakuwa anaongoza. Alikuwa…"

Pasta alikuwa anamngoja kwa upole, mikono tumboni.

"Nilikuwa nafanya nini, mzee?" nikamuuliza. Sikuwa na haraka.

"Wakati gani huo?" akauliza pasta. "Wakati wa maombi yangu?"

Jasho likamtoka Jethro juu ya mdomo, pale ambapo masharubu yangekuwa kama kanisa lingeyaruhusu.

"Sema, baba," Orpah akamwambia, akijiegemeza kwenye fimbo. "Sema ulichoona. Mimi nitakuwa shahidi wako. Mimi nawe tulikuwa macho."

Jethro alimtazama Orpah, akanitazama mimi, akatazama kitambaa changu, ambacho sasa kilikaa vizuri kabisa.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."

"Basi?" akasema pasta.

"Basi anaongoza vizuri. Aendelee."

Ratemo alikuja Jumatano iliyofuata, bila kifilimbi, akauliza kwa adabu kama anaweza kuketi nyuma aone tunavyofanya. Nikamwambia aketi, lakini afumbe macho kama wengine, kwa maana ndivyo tunavyoimba siku hizi. Alifumba. Watu wametoka hata Kisii mjini kuja kuiga jambo hilo. Wanasema ni unyenyekevu.

Na mimi bado nasimama mbele. Nainua mikono, naishusha, nayumba ninavyotaka, mkwe wangu haoni na mimi sina deni la heshima kwa mtu. Anayeniona ni Orpah peke yake. Basi namwongoza yeye, kwa mikono yote miwili, tangu mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, na yeye hafuati.